Papa hakuaga

Waulize akina mama mjini Migori ni mchezo upi wa runinga uliokatika utamu ungali mdomoni. Hawatakosa kukutajia Papa Shirandula. Tangu 2007 katika Citizen, marehemu Charles Bukeko aliigiza bawabu aliyemficha mkewe, Wilbroda, kazi yake halisi, na lafudhi yake ya Kiluhya ikawachekesha Mjaluo na Mkuria pamoja. Julai 18, 2020, Korona ikamchukua, na mchezo ukakatika.

Wapo wasemao miaka 13 yatosha, hata vichekesho huchuja. Sawa, lakini The Bold and the Beautiful ilianza Marekani mwaka 1987, na wahusika wake wangali wakioana na kutalikiana! Papa wetu hakupata nafasi ya kuaga.