Safari ya Pakiti (4): Mlango Usio na Njia

Tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, foleni ya kivuko cha Kigongo imebaki hadithi. Kilomita tatu za zege, mara umefika Busisi. Kwa mtu wa Mwanza mjini anayekwenda Sengerema, kivuko cha Kamanga ndicho karibu kwa kilomita; lakini anayehesabu saa huzunguka kupitia darajani. Hakuna aliyemwandikia barua. OSPF, itifaki ya kuchagulia ruta njia tuliyoianza wiki iliyopita, hufikiri vivyo hivyo: haihesabu vituo kama mwenzake RIP, hujumlisha gharama za njia, na gharama ikishuka kwingine, pakiti zinahama.

Mwanza ililijua jambo hili kabla ya kompyuta. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnisamehe, nitaitaja tena meli. William Mackinnon ilitoka Scotland vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kushushwa ziwani mwaka 1900. Mwaka uliofuata reli ya Waingereza kutoka Mombasa ikafika huko. Mwanza ilikuwa ya Wajerumani, na reli yao ya kati ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo ngozi na karanga za Mwanza zilivuka ziwa hadi Kisumu, zikapanda treni ya Mwingereza kwenda Mombasa. Ramani ilisema Tabora, ndani ya himaya ileile; ujira wa mpagazi mwenye frasila mbili begani ulisema Kisumu. Mzigo haukuitii bendera.

Reli ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, mji haukugeuka kisiwa, maana njia ya pili ilikwishajengwa. Aliyeijenga hakungoja balaa ndipo atafute mataruma.

Nirudi kwenye ruta, nafasi inakwisha. Njia za kwenda anwani ileile zikiletwa na wasemaji tofauti, ruta haianzi kwa gharama. Huuliza kwanza, nani kasema? Mashine za Cisco humpa kila msemaji namba: njia iliyoandikwa kwa mkono 1, OSPF 110, RIP 120. Namba ndogo ndiyo inayoaminiwa. Na anwani isiyo na njia yake mahususi hutupwa kwenye njia chaguo-msingi, 0.0.0.0/0. Hiyo ikiwa imeletwa na OSPF, ukiandika nyingine kwa mkono ukaipa namba 200, itakaa kimya hadi ile ya kwanza itoweke. Hiyo ndiyo reli yako ya Tabora.

Lakini lazima ya kwanza itoweke kweli. Miaka kadhaa nyuma niliitwa na ofisi moja hapa mjini. Tawi lao la Magu halikuwa na intaneti tangu asubuhi. Kijana wa mitambo akanionyesha skrini.

“Mzee, mbona njia ipo?”

Ilikuwepo, ikielekea makao makuu. Huko makao makuu, kebo ya kutokea nje ilikuwa imekatwa na chepeo la wachimba mtaro. Aliyefunga ruta alikuwa ameongeza kwenye amri neno dogo linaloiagiza itangaze njia chaguo-msingi daima, iwe inayo au haina. Magu ikaendelea kuamini. Modemu ya akiba ya Magu, ile njia yao ya pili, iliwaka taa siku nzima bila kupitisha pakiti hata moja. Tulipolifuta lile neno, tangazo likafa, na baada ya muda mfupi modemu ikaanza kupepesa.

Tunao watu wa namna hiyo. Mgeni akishuka stendi ya Nyegezi akauliza njia, hawezi kusema “sijui”. Ananyoosha kidole tu, na mgeni anakwenda kupotea ilhali jirani yake alikuwa anaijua. Angenyamaza, mgeni angemuuliza jirani.

Wiki ijayo: BGP, na ugomvi wa majirani wasioaminiana.