Malipo ya kipimo cha neva katika Mkoa wa Songwe

Kipimo cha upitishaji wa neva ni uchunguzi wa kitabibu unaoonyesha kasi na nguvu ya ishara za umeme zinazopita katika neva, yaani mishipa ya fahamu, hasa za mikono na miguu. Makala hii inahusu malipo yake kwa mgonjwa anayetoka mji wa Tunduma au kwingineko katika Mkoa wa Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kwa mgonjwa huyo bei ya kipimo ni sehemu moja tu ya gharama. Sehemu nyingine hutokana na safari, aina ya bima na idadi ya neva zinazopimwa.

== Kinachopimwa ==

Mpimaji hubandika elektrodi juu ya ngozi, kisha huisisimua neva kwa umeme mdogo na kuangalia muda ambao ishara inachukua kufika mahali pengine. Kasi hiyo ilipimwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Hermann von Helmholtz karibu mwaka 1850, katika neva ya chura. Kwa mtu mzima mwenye afya ishara husafiri kwa takriban mita 50 au zaidi kwa sekunde katika mkono, na mita 40 au zaidi katika mguu. Uchunguzi huchukua nusu saa hadi saa moja, pengine zaidi.

Mashine ni kompyuta yenye kikuza umeme, na inadumu miaka mingi. Kilicho adimu ni mtu aliyefunzwa kuitumia na daktari wa kuyasoma majibu yake. Ndiyo sababu kipimo hiki hupatikana katika hospitali kubwa zenye wataalamu wa neva, si katika kila hospitali ya wilaya.

Hospitali inaweza kutoza kwa kila kiungo, kwa idadi ya neva, au kwa kipimo kizima. Kwa hiyo bei mbili zinazotajwa na hospitali mbili hazilinganishiki mpaka ijulikane kila moja inahusu nini. Uchunguzi wa misuli kwa sindano, ambao mara nyingi hufanyika siku hiyohiyo, ni kipimo kingine na unaweza kuwa na malipo yake.

== Ngazi za rufaa ==

Huduma za afya za serikali nchini Tanzania zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, kisha ya taifa. Songwe ilimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawa Vwawa wilayani Mbozi. Mkoa ukapata hospitali yake ya rufaa, lakini hospitali ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini imebaki Mbeya mjini, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma. Akitumwa Muhimbili, mgonjwa anasafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam.

Mtu ambaye miguu imepoteza nguvu hasafiri peke yake. Nauli huwa mbili, chakula ni cha watu wawili, na miadi ikiahirishwa wanalala mjini. Wote wawili hukosa kipato kwa siku hizo, iwe ni cha duka la mpakani au cha shamba la kahawa Mbozi. Gharama hizi hazimo katika risiti yoyote ya hospitali.

== Nani analipa ==

Wagonjwa walianza kuchangia huduma katika hospitali za serikali mwaka 1993. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, kwanza kwa watumishi wa umma. Mchango wao uliwekwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo walilengwa na Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Katika mfumo wake ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapo ndipo penye ugumu: kadi ilikoma ngazi moja chini ya hospitali ya kanda, na mwanachama aliyepewa rufaa kwenda Mbeya alipaswa kutafuta fedha taslimu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilitungwa ili kila mkazi awe na bima.

Asiye na uwezo anaweza kuomba msamaha wa malipo kupitia afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, ikichukuliwa kabla ya kuondoka nyumbani, humwepusha na safari ya pili. Sera ya afya pia inawasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na watoto walio chini ya miaka mitano.

== Malipo yasiyo ya lazima ==

Si kila ganzi inahitaji mashine. Kisukari hugunduliwa kwa kupima damu. Ukoma hutambuliwa kwa kuangalia mabaka, kupapasa neva na kupima hisia za ngozi, na dawa zake ni za bure. Anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi anaweza kupata ganzi inayozuilika kwa vitamini B6.

Kipimo hiki pia hakioni kila kitu. Huchunguza nyuzi nene za neva. Maumivu ya kuungua nyayoni yanayotokana na nyuzi nyembamba yanaweza kuleta majibu ya kawaida kabisa, ingawa mgonjwa anaumwa kweli.

Muda nao una maana. Baada ya ajali, kwa mfano ya bodaboda iliyojeruhi neva za bega, sehemu ya neva iliyokatwa huendelea kupitisha umeme kwa siku kadhaa. Anayepimwa mapema mno huweza kulazimika kulipa tena. Kwa kawaida picha kamili hupatikana baada ya wiki tatu hivi. Baridi pia hupunguza kasi ya neva, hivyo Mbeya katika miezi ya Juni na Julai mikono na miguu inapaswa kupashwa joto kwanza, la sivyo neva nzima itaonekana kama ina ugonjwa.