Wembe Hauui Nywele

Mjini Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu kando ya Ziwa Kivu, ususi wa nywele ni riziki ya wanawake wengi. Nchini Rwanda msichana wa shule aghalabu hunyolewa nywele zikawa fupi kwa miaka yote ya masomo. Akihitimu, huziacha zikue, kisha huenda kusukwa. Miaka kadhaa baadaye, wapo wanaojitazama katika kioo wakaona ngozi tupu panjani. Swali linazuka: mbona wembe uliopita kichwani mara kwa mara haukudhuru kitu, na msuko uliokusudiwa kupamba ndio ulioleta upara?

Jibu limo chini ya ngozi. Unywele unaoonekana hauna uhai. Uhai wake umo katika kifuko chembamba kilichozama ngozini. Kichwa cha mtu kina vifuko vipatavyo 100,000. Kila kifuko hufanya kazi kwa zamu: hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, hunywea kwa wiki 2 au 3, kisha hupumzika kwa miezi ipatayo 3. Unywele wa zamani hudondoka na mwingine huota. Kwa hiyo kudondoka kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa.

Ni nini kinachoanzisha zamu mpya? Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba nguvu hiyo imo kwenye kitako cha kifuko. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, George Cotsarelis, Tung-Tien Sun na Robert Lavker, walichunguza panya wakaonyesha kwamba chembe zinazohusika hukaa juu zaidi, katika kivimbe kilicho ubavuni mwa kifuko, mahali unaposhikamana msuli mdogo usimamishao nywele mtu apatapo baridi. Chembe hizo huitwa seli shina. Mfano wake ni mbegu iliyowekwa ghalani. Wakati wa kupumzika ukiisha, ishara hutoka kwenye kitako cha kifuko, nazo seli shina huamka. Baadhi ya uzao wake hujenga unywele mpya. Nyingine hubaki ghalani kungoja msimu ujao.

Wembe hukata jani tu, hauingii ghalani. Ndiyo maana Wanyarwanda wa zamani waliweza kunyoa amasunzu, mtindo wa kuacha vishungi na kunyoa sehemu nyingine za kichwa. Msichana alipoolewa aliuacha mtindo huo, na palipokuwa pamenyolewa pakaota tena.

Mvuto wa kudumu ni jambo jingine. Msuko uliokazwa, hasa wenye nywele za bandia nzito, au uliosukwa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha, huvuta kifuko usiku na mchana. Kwanza huja maumivu na vipele. Mvuto ukikoma wakati huo, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, kovu hushika nafasi ya kifuko, na ghala hupotea pamoja na mbegu zake. Madhara haya yalielezwa tangu mwaka 1907 miongoni mwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele kwa kuzikaza. Huko Cape Town, uchunguzi wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliyakuta kwa karibu theluthi moja ya wanawake waliopimwa.

Wako wauzaji wanaonadi mafuta ya chupa kwamba hufufua nywele popote. Ukweli ni kwamba hakuna mafuta yaliyothibitishwa kurudisha kifuko kilichokwisha kugeuka kovu. Fedha hizo ni afadhali zitumike mapema kumwona daktari wa ngozi.

Msusi stadi si yule akazaye zaidi. Mteja akisema anaumia, msuko ufumuliwe. Na baada ya msuko mmoja, kichwa kipewe mapumziko kabla ya mwingine. Mama asukaye binti yake nyumbani naye akumbuke hayo. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa nywele, ukuta huo bado haujapata fundi.