Kemia Inayojipanga Yenyewe

Mafuta na maji havichangamani. Kila mpishi analijua hilo. Lakini ingekuwaje iwapo kila chembe ya mafuta ingefungwa pingu na chembe ya maji? Visingeweza kuungana wala kuachana. Vingelazimika kujipanga.

Hiyo ndiyo siri ya polima za vipande viwili, ambazo ningependa walimu wa kemia wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wawasimulie wanafunzi wao. Uzi wa polistairini, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungashiwa televisheni, huunganishwa ncha kwa ncha na uzi wa akriliki, plastiki angavu kama kioo. Utando wake mwembamba ukitandazwa juu ya kisahani cha silikoni na kupashwa moto, nyuzi hujipanga zenyewe kwa mistari au vitone vya upana wa nanomita 10 hadi 50 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kipande kimoja kikiondolewa, kinachosalia huwa kiolezo cha kuchonga saketi. Nyuzi zikirefushwa, matabaka hunenepa hata yakarudisha mwanga wa rangi maalumu, mithili ya manyoya ya chozi wa Mlima Kenya, ambaye mng'ao wake hutokana na mpangilio.

Yatuhusu nini hayo? Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, inayoshughulikia teknolojia hizi za vitu vidogo mno. Chuo hicho chimbuko lake ni harambee ya wananchi mwaka 1972.

Wako wanaodai kuwa taaluma hii ni ya matajiri. Ni kweli kwamba mashine za kuchapa saketi kwa mwanga wa nanomita 13.5 huuzwa zaidi ya dola milioni 100. Lakini hapa molekuli ndizo zinazochora. Sisemi ni kazi rahisi: kasoro chache huharibu chipu nzima, na hilo ndilo limevichelewesha viwanda kuikumbatia mbinu hii. Basi pengo liko wazi kwa akili mpya.

Hofu yangu ni kuwa katika shule nyingi mwalimu hufanya jaribio huku wanafunzi hamsini wakitazama. Kijana asiyeshika chupa ya maabara atakuja kuwa mbonyeza vitufe vya mashine zilizobuniwa na wengine. Waliochanga senti zao mwaka 1972 hawakukusudia hivyo. Maabara na zifunguliwe, na wanafunzi washike vyombo kwa mikono yao wenyewe.