Sauti ya Njiani: Redio Koli Garini na Mteremko wa Sekenke

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Igunga na Nzega, akisha kupita Misigiri katika kata ya Ulemo, mahali ambapo njia ya Kiomboi huchepuka na kuiacha barabara kuu, huona nchi ya mashamba ya alizeti ikikoma mbele yake, na barabara ikianza kujipinda kuushuka mlima Sekenke mpaka mbuga ya Wembere, ambayo kutoka juu, asubuhi isiyo na vumbi, huonekana kama bahari iliyokauka. Hii ndiyo njia ya malori yachukuayo shehena ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki; na madereva wake hawalitaji jina la Sekenke kwa mzaha, kwa kuwa lori lililobeba tani nyingi, likipotewa na breki katika kona zile, halina pa kukimbilia ila korongoni au juu ya gari lipandalo.

Nimesimama ukingoni hapo mara nyingi, na kila mara nimeona dhiki ile ile: ashukaye hajui nani apandaye, na apandaye hajui kama nyuma ya kona kuna gari lililoharibika, ng'ombe waliotawanyika, au mafuta yaliyomwagika juu ya lami. Kila mmoja wao ana simu mfukoni. Lakini simu humtaka mtu ajue kwanza namba ya amtakaye, na nani ajuaye namba ya mgeni aliye upande wa pili wa kona? Redio iliyofungwa garini haiulizi jina wala namba. Neno likisemwa mara moja husikiwa na kila mwenye redio ya masafa yale aliye karibu, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa.

Wamarekani waliitambua fadhila hii zamani. Mwaka 1958 serikali yao iliwatengea raia wa kawaida sehemu ya masafa karibu na megahezi 27, kwanza chaneli 23, na tangu mwanzo wa mwaka 1977 chaneli 40, ili mtu yeyote aweze kuzungumza na mwenziwe kwa nguvu ndogo ya wati chache tu. Aghalabu zilitumika kwa shughuli ndogo ndogo, hata ilipofika shida ya mafuta ya mwaka 1973, mwendo wa magari ukapunguzwa kwa sheria mpaka maili 55 kwa saa, na vituo vingi vikakosa dizeli. Ndipo madereva wa malori walipoifanya redio kuwa baraza lao, wakiambiana wapi mafuta yapatikana na wapi askari wamesimama. Chaneli ya 19 ikawa ya wasafiri, na ya 9 ikahifadhiwa kwa wenye dharura.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lilipita mlango mwingine. Hospitali za mbali zilizungumza na madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, kwa redio kabla simu hazijafika vijijini. Wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kuingia Ngara mwaka 1994, magari ya misaada yalitambulikana kwa antena ndefu zilizoinama kama fimbo ya mvuvi. Na hadi leo waongozao watalii Serengeti na Ngorongoro huambiana kwa redio koli chui yuko mti gani. Hakuna sababu ya maarifa yatumikayo kumtafuta chui yasitumike kumlinda binadamu mlimani.

Mwenye nia ya kufunga chombo hiki sharti aanzie kwenye sheria, maana masafa ni mali ya umma kama ilivyo ardhi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo igawayo masafa, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 humtaka mtumiaji awe na leseni. Redio iliyonunuliwa ng'ambo ikafungwa bila ruhusa yaweza kuwaingilia polisi au ndege, na mwenyewe asijue madhara aliyoyafanya.

Lori nililoshuhudia likifungwa redio hapa Misigiri, mwajiri wake akiwa amekwisha kupata leseni, lilikuwa la betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, ilhali redio ilitaka takriban volti 13. Kuna mafundi ambao hapa hukimbilia njia ya mkato, wakachukua umeme wa betri moja tu kati ya mbili. Redio huwaka na kuzungumza vizuri, na fundi hupokea ujira wake akaenda zake. Lakini betri moja hutumika kuliko nduguye, zikachajiwa bila uwiano, na baada ya miezi michache zote mbili hufa, dereva asijue muuaji ni nani. Njia ya haki ni kuweka kipunguza umeme kinachoshusha volti 24, na kuvuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri, si kutoka waya wa taa wala wa kinasa kaseti, pamoja na fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka usilete moto ndani ya kabini.

Lakini roho ya kazi yote ni antena. Urefu wake hufuata urefu wa wimbi: robo ya wimbi la megahezi 27 ni karibu mita mbili na robo tatu, ndiyo sababu antena za Wamarekani ni ndefu au zimeviringishiwa waya, bali robo ya wimbi la megahezi 150, masafa ya redio koli nyingi, ni nusu mita tu. Robo hiyo ni nusu ya antena; nusu ya pili ni bati la gari lenyewe, nalo hufanya kazi ya kioo kinachorudisha mwanga. Kwa hiyo mahali pema ni katikati ya paa la kabini. Ikifungwa pembeni, kwenye bampa, sauti huenda zaidi upande mmoja na kupungua upande wa pili.

Fundi wetu, kijana mtaratibu, alitoboa paa kwa kekee, akapitisha waya, akakaza antena, kisha akaunganisha mita ipimayo mawimbi yanayorudi nyuma badala ya kwenda hewani. Sindano ikapanda mpaka 3. "Bado, mzee," akamwambia dereva, "nusu ya nguvu inapotea kwenye waya, na sehemu yake inarudi kuichoma redio." (Hesabu kamili ni robo hurudishwa, lakini alikuwa na haki ya kuhofu.) Akaifungua antena, akainama na kutazama chini yake: rangi ya gari ilikuwa haijaondolewa, na chuma hakikugusana na chuma. Akachukua kipande cha msasa, akasugua upana wa sarafu mpaka bati likang'aa jeupe, akapaka grisi kuzuia kutu, akakaza tena. Sindano ikashuka, ikatulia kwenye 1.3. Kilichotenganisha sauti na ukimya kilikuwa rangi nyembamba kuliko karatasi.

Mlima nao una hukumu zake. Mawimbi ya namna hii hupenda kwenda mbele wazi kama jicho. Kwa hiyo dereva aliye ukingoni juu husikiwa mbali sana mbugani, na huyo huyo akiingia katika kona ya pili, jabali likimtenga, sauti yake yaweza kukatika ghafla. Kwa sababu hiyo habari hutolewa kabla ya kushuka na kabla ya kupanda, si katikati, tena kwa maneno machache: wewe nani, uko wapi, umebeba nini, wataka nini. Anayebonyeza maiki na kusimulia mambo ya nyumbani huwazibia wengine wote mdomo, kwa kuwa katika chaneli moja hawezi kusema ila mmoja.

Magharibi ile tulikwenda na lori mpaka ukingoni. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Wembere, na dereva akanyoosha mkono akabonyeza, akataja jina la gari lake na kwamba yuko juu, ana saruji, ataka kushuka. Mvumo ukajaa kabini, kisha ukapasuka kwa sauti ya mtu mwingine wa kampuni ile ile: "Subiri kidogo, kaka. Nimetoka Shelui, naanza kupanda, na mbele yangu kuna basi limezima kwenye kona bila taa."

Dereva akajibu kwamba amesikia, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Utingo akashuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu na jingine mbele yake.