Bustani ya Pamplemousses, Ilikopitia Mikarafuu

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotarajia kwenda Morisi wakati wa likizo wanafahamishwa kuwa bustani ya mimea ya Pamplemousses, iliyopo kaskazini ya kisiwa hicho, si mbali na mji mkuu wa Port Louis, ina udugu na mashamba ya Unguja na Pemba.

Katika karne ya 18 Waholanzi waliihodhi biashara ya karafuu na kungumanga za visiwa vya Maluku, wakizuia kwa ukali miche isitoke. Pierre Poivre, ofisa mkuu wa Kifaransa kisiwani Morisi, alipeleka merikebu kwa siri, nazo zikarejea na miche mwaka 1770. Jean-Nicolas Céré, aliyekabidhiwa bustani mwaka 1775, ndiye aliyeilea. Kutoka Morisi na Réunion mikarafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika uongozi ilionao hadi leo.

Wageni wengi hukimbilia bwawa la mayungiyungi ya Amazon, ambayo majani yake huelea mfano wa masinia na ua lake hufunguka jioni likiwa jeupe, kisha siku ya pili hugeuka rangi ya waridi. Yanastahiki kutazamwa. Hata hivyo, mtu wa visiwa hivi atafaidika zaidi kwenye miti ya viungo, na kwenye talipoti, mti wa jamii ya mnazi unaoishi miaka mingi, ukachanua mara moja tu, kisha ukafa. Kobe wakubwa waliomo ni jamaa za wale wa Changuu. Sir Seewoosagur Ramgoolam, Waziri Mkuu wa kwanza, ambaye bustani ilipewa jina lake mwaka 1988, alichomwa humo kwa taratibu za Kihindu mwaka 1985. Mahali hapo paheshimiwe.

Aidha, alilolifanya Poivre lisiigwe. Mikarafuu ya hapa imekwishapata kuteketezwa na maradhi ya kufa ghafla, na mche mmoja uliofichwa ndani ya sanduku, au hata udongo wa mizizi yake, unatosha kuleta maradhi mengine. Mimea na mbegu haziingizwi nchini bila ya kibali kilichoombwa kabla ya safari na cheti cha afya ya mimea kutoka zilikotoka. Mwenye haja ya miche ya viungo aulize kwanza katika vitalu vya hapa nchini.