Kukausha Elektrodi Bila Nyufa

Betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Kobalti inayotiwa katika nyingi ya betri hizo huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Madini hayo tunayajua. Kazi inayofuata wachache wetu wameiona. Leo tuitazame hatua moja ya maabara, nayo ni kukausha.

Unga wa madini huchanganywa na masizi na gundi, ukatiwa kiyeyusho mpaka uwe kama uji mzito. Uji huo hupakwa juu ya karatasi nyembamba ya alumini. Elektrodi ya pili hupakwa juu ya karatasi ya shaba.

Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anajua kinachofuata. Majimaji yanapotoka, chembe huvutana na tabaka hutaka kusinyaa, lakini upande wake wa chini umeshikwa. Likizidiwa hupasuka. Tabaka nene hupasuka upesi kuliko jembamba, na unga laini mno huzidisha nyufa. Maji yana mvuto mkubwa. Ndiyo maana wanaotumia uji wa maji huweza kuongeza spiriti kidogo ili kuupunguza.

Moto mkali nao una hasara yake. Kiyeyusho hupanda juu kwa kasi na kuibeba gundi, chini hubaki gundi haba, na tabaka hubanduka. Kwa hiyo huanza joto la chini, na hatimaye tanuri lililoondolewa hewa humaliza unyevu uliobaki.

Sasa tuseme juu ya afya. Kukausha polepole huokoa elektrodi, lakini hakupunguzi mvuke: kiyeyusho chote kilichotiwa lazima kitoke. Kinachotumika sana, NMP, hupenya ngozi na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2020, mfanyakazi hapaswi kuvuta hewa yenye zaidi ya miligramu 14.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 8.

Basi popote tunapowekwa mbele ya tanuri, tuulize jina la kiyeyusho, tudai bomba la kuvuta mvuke na glavu zinazofaa. Elektrodi iliyopasuka hutupwa ikatengenezwa nyingine. Afya ya mfanyakazi haina ya akiba.